Kompyuta Yenu Inasema Kitabu Kipo

Mheshimiwa Mkutubi Mkuu,

Kwa heshima zote, na kwa kalamu niliyoazima kwa mlinzi wenu wa getini, naomba kulalamika. Shule niliiacha mapema, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini kusoma najua, na kuandika ndiyo hivi unavyojionea.

Shida yangu ni kile kitabu chekundu cha umeme wa magari, ambacho mnacho kimoja tu. Jumatatu fundi mkuu wa gereji anatutahini kutoka humo, mimi na binamu yangu, binti wa mjomba. Tuko wawili, nafasi ya kazi ni moja. Sasa sikiliza vituko:

1. Kompyuta ya pale mlangoni ilisema, "Kipo rafuni." Nimekwenda rafuni mara nne. Pana pengo kama la mtoto anayeng'oka meno. Labda kipo kiroho.

2. Nikamweleza mama wa dawatini. Akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, kompyuta haisemi uongo." Nikamwambia, "Basi mama, iambie inisomee." Akataka nipunguze mdomo. Mheshimiwa, nimeupunguza, huu unaousoma ndio uliobaki.

3. Kesho yake ikaandika, "Kinatafutwa." Na nani? Mpanga vitabu wenu nilimkuta anakunja magazeti ya zamani kwa mwendo wa bibi harusi. Kumuuliza, ananijibu, "Kaka, tunatafuta kwa awamu." Awamu! Fundi mkuu hana awamu, ana spana.

4. Jana: "Hakijulikani kilipo." Siku tatu, hali tatu. Hata mgonjwa wa wodini habadiliki hivyo.

5. Kwa hiyo naomba kompyuta isimamishwe kazi. Pia fundi mkuu aandikiwe barua yenye mhuri, kwamba kitabu chote ninacho kichwani, ila ushahidi ndio umepotea. Mwisho, nipewe mimi cheo cha Mkuu wa Kujua Vitu Vilipo. Sifa ninazo tele. Nyumbani kwetu ufunguo ukipotea, mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Nakomea hapa, mlinzi anadai kalamu yake. Nisalimie mama wa dawatini pamoja na miwani, mpanga vitabu awamu ikimruhusu, na wote wanaosinzia chumba cha magazeti.

Wako ninayetafuta bila kuchoka,
Fundi Mtarajiwa

Tanbihi: Kuna jambo dogo lilinitoka. Kitabu nilikificha mwenyewe wiki iliyopita ili binamu asikione, nikasahau rafu ipi. Mnazo nyingi mno, na hilo nalo ni kosa lenu. Leo nimekumbuka: nyuma ya vitabu vya adabu njema. Nimekimbia, nikamkuta binamu kakaa chini palepale, kurasa zimebaki mbili. "Nilijua tu utakificha mahali ambapo wewe hukanyagi," kaniambia. Ameshakiazima kihalali. Kompyuta yenu inasema kitarudi Jumanne.

Na mara hii, Mheshimiwa, naiamini kabisa.