Dalili Saba na Kifundo cha Mguu

Jumatatu, tarehe 3
Jora la kitambaa cha sare limenidondokea utosini kutoka rafu ya juu. Nyota nimeziona mchana kweupe! Daktari wa zahanati kasema ubongo umetikisika kidogo tu: nipumzike siku mbili, nirudi kazini pole pole, nisikae kuwaza. Siku mbili? Mimi, mkataji mkuu wa karakana nzima? Nitakaa wiki mbili, mpaka washone suruali ya miguu mitatu waje kunipigia magoti.

Jumatano, tarehe 5
Kichwa kizima kabisa. Hiyo ndiyo shida. Nimeikariri karatasi ya dalili niliyopewa zahanati ili niigize vizuri: ya kwanza kizunguzungu, ya pili masikio kuvuma, mpaka ya saba. Mke wangu, anayeshona vifungo karakanani kwetu, kaleta habari kwamba hakuna aliyenililia. Kwenye meza yangu ya dirishani kakalishwa yule mkataji mwenzangu tunayemwita Sentimita, anayepima hata kivuli chake. Na mkasi wangu anao! Jioni nikapata kizunguzungu. Cha kweli! Sikukiigiza!

Ijumaa, tarehe 7
Masikini mimi. Zimekuja zote, kwa mpangilio uleule wa karatasi. Nimejikongoja kwa daktari, nikazitaja moja moja, nikaongeza kwamba sasa na kifundo cha mguu kinauma. Daktari akaigeuza karatasi. Upande wa nyuma ni wa walioteguka mguu. Lo! Akaniambia bila kucheka kwamba maumivu ni ya kweli, siongopi, ila hofu ndiyo inayoyalisha. Nikijichungulia kutwa, sitakosa cha kuona. Nirudi kazini, hata kwa saa moja. Muuguzi ndiye aliyecheka.

Jumapili, tarehe 9
Mke wangu amenipasulia: kesho nisipofika, meza ni ya Sentimita moja kwa moja. Naogopa. Nikikata kombo mbele ya watu? Miaka kumi na sita pale dirishani! Nimelia kidogo. Akanipa chai, akaichukua ile karatasi akawashia jiko.

Jumatatu, tarehe 10
Saa moja ya kazi imekuwa masaa manne. Suruali ishirini, zote za miguu miwili! Kichwa sijui hata kilipona saa ngapi. Meza nimerudishiwa, na mkasi wangu. Kisha Sentimita akapiga chafya. Ahaa! Nikakimbilia zahanati kumchukulia karatasi ya mafua, dalili kumi na mbili. Aisome taratibu, tuone kama atainyemelea meza yangu tena. Njiani nimeisoma mara tatu, kuhakikisha ina makali.

Koo linaniwasha tangu saa kumi.