Matairi Manne ya Kunizikia

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Sikushangaa. Umefanya kazi ya ukaguzi wa shule maisha yake yote. Nimeamua kuandika kila siku na kukiri kila kitu, ili atakayesoma nikishazikwa asipate shida ya kubuni.

Hukumu imetolewa leo baada ya chai. Mke wangu Felicitas anataka uwanja wa nyuma ajenge banda la kuku wa kisasa. Tandika nzima inafuga kuku wa kisasa. Kwenye uwanja huo imekaa Landrova yangu ya jeshi, ya enzi za keya, jeshi la Mwingereza, niliyoinunua mnadani. Iko juu ya mawe, haina tairi hata moja. Jumapili baada ya misa iwe imetoka getini kwa nguvu zake yenyewe. Isipotoka, kesho yake wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja na nyundo.

Nilimkumbusha kwamba ndiyo iliyomleta kutoka Tabora akiwa bibi arusi. Akasema anakumbuka. Alitapika mpaka Dodoma.

Injini ni nzima, naiwasha kila Ijumaa. Kinachokosekana ni matairi. Nataka gari hilo linibebe hadi makaburini Chang'ombe. Sitaki kwenda na pikapu ya kukodi yenye jina la duka la magodoro.

Jumanne, 15 Septemba

Dukani kwa Farhan, muuza matairi. Zamani tairi lilitaka kibali na shemeji ofisini. Leo maduka yamejaa: ya Korea, ya Japani, yaliyokwishatumika kutoka Dubai. La kwangu halipo. Farhan aliniamkia vizuri, kisha akauliza kama nina trekta au mkokoteni, maana saizi hiyo, sita kwa kumi na sita, siku hizi ni ya vitu hivyo tu. Nikasema nina gari la jeshi. Akauliza vita gani.

Alinitolea tairi jipya la mbele la trekta. Saizi ile ile, mpira mgumu, linanukia upya. Lakini kashata zake, yale maungo yanayokanyaga chini, ni mistari mitatu ya kuzunguka, kama soksi za mchezaji mpira. Tairi la jeshi lina meno yaliyokingama huku na huku, ili adui akiona alama kwenye matope asijue ulikuwa unakwenda au unarudi. Nilimweleza hayo kwa utulivu.

"Mwalimu," akasema, "adui gani anakutafuta Tandika?"

Nikaondoka.

Jumatano, 16 Septemba

Nimeyapata! Yako nyuma ya ukuta wangu mwenyewe. Jirani yangu Mwishehe huchonga katambuga, vile viatu vya matairi ya zamani. Barazani kwake kuna matairi manne ya jeshi, meno yote yapo. Ameyatoa kwenye karakana iliyofungwa huko Kipawa.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo: watani. Kati yetu maneno ya adabu huleta wasiwasi. Nikamwambia aniuzie hayo matairi kabla hajaenda ngomani na kuyasahau. Akasema hauzi.

"Hayo ya msiba wako, Mnyamwezi. Babu zako walibeba mizigo pekupeku. Mie nitawavalisha waombolezaji wako wote katambuga, watu waseme angalau umekufa na maendeleo."

Ijumaa anaanza kukata.

Alhamisi, 17 Septemba

Nakiri: leo nimekufa kidogo.

Mtani ana haki zake msibani. Anaweza kumwiga marehemu, kubeba sufuria, hata kulala kaburini mpaka apewe chochote. Lakini hawezi kumnyima kitu mtani anayekata roho. Nikajilaza, nikamwomba Felicitas amwite Mwishehe kwa ombi la mwisho. Hakuuliza kitu. Aliniletea uji usio na sukari, akasema anayekufa sukari ya nini.

Mwishehe akaja, akakaa kitandani juu ya mguu wangu, akasema nifanye haraka, ana viatu vya watu. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba nataka kwenda kaburini juu ya matairi yale. Na tyubu zake, kama zipo. Akavua kofia, akajifuta nayo macho, akatoka.

Sikuitegemea ile kofia. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Tatizo: Felicitas alimwita na Padre Polikarpo, akaja na mafuta ya wagonjwa. Kwanza kuungama. Nilikuwa na dhambi moja mpya kabisa, bado ya moto. Padre alisikiliza, akakohoa ndani ya leso kwa muda. Malipizi: nimwambie Mwishehe ukweli.

Hakusema lini.

Ijumaa, 18 Septemba

Matairi yamefika. Mwishehe ameyavingirisha mwenyewe, moja moja, akinitukana njia nzima. La nne lina tundu lenye umbo la wayo. Alikuwa ameanza kukata mapema. Kiatu chenyewe amenipa.

Farhan amekuja na mafundi wake. Ameshauri la nne liwe lile la trekta. Nimekataa. Gari haliwezi kuwa na miguu mitatu ya askari na mmoja wa mkulima. Katambuga tumeirudisha ndani, kati ya tairi na tyubu, izibe tundu. Farhan ameomba asitajwe popote. Nisamehe, Farhan.

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya misa nikawasha. Moyo ulipiga kelele kuliko injini. Mwishehe alipanda pembeni yangu bila kualikwa, akawa anawatangazia majirani kwamba maiti inajiendesha. Felicitas alisimama getini. Tulipompita alijiziba mdomo kwa kanga. Labda alicheka. Labda alikumbuka Tabora.

Tukatoka. Getini, kwa nguvu zetu wenyewe. Mbele ya nyumba ya Mwishehe tyubu ikapasuka, katambuga ikaruka nje, Landrova ikakata kona isiyoombwa, ikapanda barazani kwake na kuzimika. Hakuna aliyeumia ila benchi.

Nikaona malipizi yasisubiri zaidi. Nikamwambia Alhamisi sikuwa nakufa.

Akasema anajua. "Nani anakata roho huku anaulizia tyubu?"

Nikamuuliza mbona alinipa, basi.

"Nikunyime, halafu ufe kweli? Mie ningelala usingizi gani, Mnyamwezi we?"

Akashuka, akaweka mkono juu ya boneti, akatangaza kwamba mali ya mtani iliyojileta barazani kwake ni yake, haitoki hapo mpaka siku nitakapokufa. Majirani wakashangilia. Kwa utani, ana haki.

Jumatatu, 21 Septemba

Watu wa vyuma chakavu walikuja, wakakuta uwanja mtupu. Felicitas ameshasimamisha nguzo za banda. Uji wa leo una sukari.

Mwishehe anachongea viatu ndani ya Landrova, kwenye kiti cha dereva. Anapendeza pale, na hilo linaniuma. Farhan ameniletea tena lile tairi la trekta. Nimemrudisha nalo. Mistari mitatu ni mistari mitatu.

Nimelitafakari sharti la Mwishehe kwa makini. Gari linatoka siku nitakapokufa. Hakusema nife kwa muda gani.

Alhamisi nitakufa tena. Safari hii sitaulizia tyubu.