Reko wa Chumvi

Jumatatu, tarehe 6 Mei. Mji wa Baraka, kando ya ziwa.
Biashara imekufa. Leo tena nimerudi kutoka sokoni na ndagala zangu za chumvi, dagaa wa ziwa, karai karibu limejaa. Anayenimaliza ni Renilde, mama mmoja mukimbizi wa Burundi, reko wa mtaa wetu, yaani mjumbe wa afya wa kujitolea. Anapita nyumba kwa nyumba na mashine ya kupima tansio, ile presha ya damu. Anawaambia bamama kwamba chumvi inapandisha tansio, na tansio inapasua mishipa ya kichwa. Na halipwi hata kidogo! Muntu asiyelipwa ana haki gani ya kuharibu kazi ya wengine? Nilimfuata kulalamika. Alinisikiliza vizuri, kisha akajibu: "Papa Patrice, mi sikatazi samaki. Nakataza chumvi mingi." Akaomba anipime. Nilikataa. Mi ni mzima, nabeba magunia.

Alhamisi, tarehe 9 Mei.
Nimepata njia. Mtaa unatafuta reko wa pili. Nitakuwa mimi. Reko akisema chumvi haina neno, nani atabisha? Bibi yangu Rosette, mama wa Patrice wetu, aliniuliza najua nini kuhusu dawa. Nilimjibu najua watu. Akaingia jikoni. Nilimsikia akicheka peke yake, tena sana.

Jumapili, tarehe 12 Mei.
Nimechaguliwa, baada ya ibada. Mwalimu tuliyeshindana naye alikuwa amepanda Fizi kwa mambo ya bureau, ofisi ya shule. Mama Dorothée, mjane anayepika bugali pale sokoni, alisimama kunisifu. Alisema hata mvua ikinyesha samaki wangu wanamfikia. Nilimsindikiza nyumbani, nikampa shauri langu la kwanza la reko: ale bila woga. Alifurahi. Tangu Renilde amkataze, chakula hakikuwa na ladha. Alinunua karai lote. Akauliza aendelee na vidonge vya tansio alivyopewa kituoni? Nilimwambia mwili ukizoea dawa unakuwa mvivu. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalisikika vizuri.

Jumanne, tarehe 14 Mei.
Mafunzo kwenye kituo cha afya. Tulipimana sisi kwa sisi. Renilde alinifunga mashine, akatazama namba. Akapima mkono wa pili. Akamuita munganga. Munganga akawaita wote waje kuona tansio ya hatari inavyokuwa. Nilisema mashine imeharibiwa na unyevu wa ziwa. Wakampima Renilde: mashine haina shida. Asubuhi nzima nilikaa mbele yao kama mfano. Wamenipa vidonge. Viko mfukoni.

Jumamosi, tarehe 18 Mei.
Dorothée ameanguka karibu na jiko lake. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Renilde ndiye aliyefika kwanza, akatafuta pikipiki, akapanda naye nyuma, akimshikilia mpaka hospitali. Nilifuata kwa miguu. Dorothée aliponiona alijaribu kusema kitu. Kilitoka kama sauti ya mutoto mdogo. Nafikiri lilikuwa jina langu. Renilde aliniuliza kama mama huyu alikuwa bado anameza vidonge. Nilisema sijui. Nikatoka nje, nikakaa chini kwenye vumbi. Watu walinipa pole. Walidhani ni huruma.

Jumatano, tarehe 22 Mei.
Dorothée yuko hai. Kusema bado. Nimelia mbele ya Rosette, naye hakucheka. Ndagala zilizobaki nimeziuza kwa watu wa Ubwari, mbali na mtaa wetu, na nimeapa kwamba chumvi sitaigusa tena. Renilde alikuja, nikameza kidonge akiniangalia. Alisema sasa nimeelewa. Ni kweli, nimeelewa. Tangu Dorothée aanguke, mtaa mzima unaogopa chumvi. Vyungu vyote havina ladha, na watu wana huzuni, wanatafuta kitu cha kufurahisha mdomo. Mafunzo ya ugonjwa wa sukari, munganga amesema, ni mwezi ujao. Basi mwezi huu hakuna aliyekataza sukari. Nimeagiza gunia zima kutoka Kazimia. Nitatengeneza juisi ya nanasi, tamu sana. Chupa ya kwanza nitampelekea Dorothée hospitalini, bure. Kutafuna hawezi, lakini juisi itapita.