Ombi la Kuruka Jumamosi Moja kwa Manufaa ya Tabianchi

Nyuma ya Ndia Kuu,
Mji wa Kale, Mombasa.
Jumatano, asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Sista Purity,
Msimamizi wa Kituo cha Kusafisha Damu.

Sista wetu mpendwa,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, mimi ni Nasser wa kitanda nambari saba, mgonjwa wa figo, zamu ya mchana, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Najua unanijua, maana ni mwaka wa tatu huu unanisimamia, lakini barua rasmi huanza hivyo, na mimi nilikuwa karani miaka thelathini. Sitaki kuanza uzembe uzeeni.

Jana nilikuomba kwa mdomo uniruhusu nisije Jumamosi hii, kwa kuwa baada ya swala ya Alasiri namwoza binti yangu Areej. Ulinijibu kwa neno moja, tena fupi. Nikakuomba unihamishie asubuhi, ukasema vitanda vya asubuhi vimejaa watu wanaotoka mbali, na Jumapili kituo kimefungwa. Nikaaga kwa adabu. Nilipofika nyumbani nikaliona kosa langu: niliomba kwa sababu ya harusi, na harusi ni jambo la nyumba moja. Sasa naomba upya, kwa maandishi, kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, ambayo ni jambo la dunia nzima, na wewe mwenyewe umebandika bango lake pale mlangoni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mizani. Jana nilipanda nikaonekana nimezidi kilo tatu na robo tatu. Uzito wangu mkavu, yaani ule ninaotakiwa kubaki nao maji yakishatolewa mwilini, ni kilo hamsini na nane. Tofauti hiyo uliisoma kwa sauti ya mnadani, mpaka Fondo wa kitanda cha nane akacheka hadi mashine yake ikapiga kelele. Ukasema mbele ya watu kwamba nimekunywa maji. Sista, wallahi mimi sikunywa maji. Daktari alinipimia vikombe vitano kwa siku, na mke wangu Ummulkheir hunimiminia mwenyewe, kisha jagi hulifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Nilichokunywa ni kahawa. Na kahawa ya finjani, kile kikombe kidogo kisichojaza hata kiganja, kwetu si kinywaji, ni salamu. Kutoka msikitini hadi mlangoni kwangu kuna baraza nne. Ukipita barazani pa watu wakakumiminia, ukakataa, hawaulizi kama una kiu, wanauliza umegombana na nani. Na hii ni wiki ya harusi! Baba wa bibi harusi akikataa kahawa za watu, kufika jioni mtaa mzima utasema posa imevunjika. Basi nilizinywa, kumi na nne kwa siku, kwa heshima ya mwanangu. Uliponiambia kuwa finjani kumi na nne ni finjani kumi na nne, nilisikitika sana. Naomba katika daftari lako kuwe na safu mbili, moja ya vinywaji na nyingine ya salamu.

2. Kiu yenyewe si tabia yangu, inatoka nje. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta zake ni nene dhiraa nzima, na marehemu babu yangu alikuwa akilala humo adhuhuri amejifunika shuka. Siku hizi joto limeingia ndani na halijui mlango wa kutokea. Muuguzi wako Mercy, Mungu amjaze kheri, alinishauri nifyonze kipande kidogo cha barafu badala ya kunywa. Ushauri mzuri. Lakini stima ikikatika, barafu inayeyuka bakulini kabla haijafika kinywani, na Ummulkheir anaiandika kuwa ni maji. Kisha nasikia redioni kwamba barafu kubwa za dunia nazo zinayeyuka, milima kwa milima, na sijasikia hata mtu mmoja aliyeandikiwa. Yangu ilikuwa vipande vitatu.

3. Joto hili mimi sikulileta. Gari sijapata kumiliki. Ndege nimepanda safari moja, kwenda Hija na kurudi, na nilikaa kimya njia nzima. Miaka thelathini nimesimama ndani ya ghala la mabati kule Shimanzi nikihesabu magunia, malori yakinguruma mlangoni na moshi wake ukiingia kwangu bila hodi. Maji tulikuwa hatunywi sana, maana choo kilikuwa mbali na lori halingoji mtu. Daktari alinieleza kuwa joto lile na ukavu ule, pamoja na presha niliyokuwa nayo bila kujua, ndivyo vilivyoziharibu figo zangu. Kwa hivyo mimi mchango wangu kwa dunia nimeshatoa. Nimetoa figo mbili. Wenye viwanda sijui wametoa nini.

4. Nimeona katika habari kuwa wakubwa wa dunia hukutana kila mwaka kulijadili joto hilo. Hukaa ndani ya kiyoyozi, na mbele ya kila mmoja kuna chupa ya maji baridi, na wengine hawaifungui. Yaarabi! Mtu anaweka maji mbele yake kutwa nzima hayagusi, na hakuna anayempongeza! Napendekeza kituo chetu kiwaazime mizani. Kila nchi ivue viatu, ipande, isomewe tofauti yake kwa sauti ileile uliyonisomea mimi, na Fondo awepo. Iulizwe imekula nini na imekunywa nini tangu mkutano uliopita. Najua itakachojibu. Itasema ule si moshi, ni maendeleo. Hapo ndipo nitakapokuomba uijibu wewe, maana hayo unayaweza.

5. Sasa tuje kwa mashine, na hapa tafadhali usinikasirikie. Samuel, fundi wenu wa mitambo ya maji, alinieleza kuwa kila ninapolala pale kwa muda wa saa nne, mashine yangu hutumia kiasi cha lita mia na ishirini za maji safi, ukiacha yale yanayomwagwa wakati wa kuyachuja. Mitungi sita! Mimi vikombe vitano, yeye mitungi sita, na hakuna anayempandisha kwenye mizani. Mtaani kwetu mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, na jirani yetu Mbodze, muuza mahamri, huanza asubuhi yake kwa kungoja mkokoteni wa maji. Juu ya hayo ongeza stima ya saa nne, ongeza mipira na chujio na glavu zinazotupwa, mfuko mzima kwa mtu mmoja. Stima inaleta joto, joto linaleta kiu, kiu inaleta finjani, finjani inaleta kilo, kilo zinaleta mashine, mashine inataka stima. Nimeuchora mzunguko huo kwenye karatasi na katikati nipo mimi.

Basi nikikosa Jumamosi moja tu, dunia itapata mitungi sita ya maji na itapumua kidogo. Fondo naye akikosa, ni kumi na miwili. Chumba chetu kizima kikikosa wiki moja, ni kisima. Tukiacha kabisa sote, kituo chako kitakuwa ndicho kinachotunza mazingira kuliko vyote, na hakitakuwa na mtu ndani. Hili la mwisho nimelisoma mara ya pili nikaona lina kasoro, lakini hesabu yake ni sahihi.

6. Utasema kukosa ni hatari. Haya, tulizungumze. Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, barabara ikajaa maji, tuktuk ikatuzimikia njiani na dereva akashuka yakamfika magotini. Nikarudi nyumbani. Mvua ile ilinifutia zamu yangu bila barua, bila sahihi, na sikukusikia ukiigombeza. Itakuwaje mvua iruhusiwe na nikahi ikataliwe? Ni kweli kwamba siku ya pili yake sikuweza kulala chali, kila nikiegemea pumzi inakatika, na nililetwa kwako nimekaa, nimeshikwa huku na huku. Ni kweli kwamba viatu ulinivua wewe mwenyewe. Niliogopa, Sista. Tangu nizaliwe sijaogopa vile, na nisingependa kuliandika jambo hili humu, lakini nisipoliandika mimi utalitaja wewe.

7. Ulinishauri nimpe uwakili mdogo wangu amwoze Areej kwa niaba yangu. Kisheria inafaa. Lakini mdogo wangu alipomwoza binti wa marehemu ami yetu, alimtaja dada wa bibi harusi, mwanamke mwenye mume na watoto watatu, na sheikh akamsimamisha mara mbili. Watu wa upande wa pili walianza kutazamana. Na hata kama angekuwa hodari wa kusema, mimi sitaki. Areej ndiye aliyenipeleka hospitali siku ya kwanza. Ndiye anayenileta kwako na kunirudisha kila zamu, na kwa ajili hiyo aliiacha kazi ya Dubai ambayo wenziwe wanaililia. Posa ya Amin, kijana wa watu, aliichelewesha mwaka mzima akingoja nipone, na huu si ugonjwa wa kungojewa upone. Yote hayo hakuwahi kunitajia hata siku moja. Nataka kumwoza mimi mwenyewe, nikiwa hai, nikiisikia sauti yangu. Sina jingine la kumpa lililo sawa na hilo.

Narudi kwenye tabianchi.

Kwa sababu nilizozieleza, naomba zamu yangu ya Jumamosi ifutwe, na mitungi yake sita wapewe majirani, Mbodze akiwa wa kwanza. Naomba salamu zisihesabiwe kuwa ni maji. Naomba iandikwe barua ya kuwaazima wakubwa wa dunia mizani, nami niko tayari kuinakili kwa mwandiko mzuri bila malipo. Na nikija Jumanne nimevimba, naomba tofauti yangu isomwe kimoyomoyo.

Nisalimie Mercy mwenye mkono mwepesi wa kunichoma sindano za mashine, na Samuel, ingawa aliyonieleza ya maji yamenikosesha raha. Msalimie mlinzi wa langoni anayenipigia saluti kama mkubwa wa bandari. Fondo mpe salamu, umwambie acheke kwa kiasi. Wagonjwa wa asubuhi nisiowajua nao wasalimie sana, kwani tunalalia mashuka mamoja. Ummulkheir anakusalimu kwa mapenzi, na anasema usinisikilize, lakini yeye hajaisoma barua hii.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu siku zote isipokuwa Jumamosi hii,

Nasser,
kitanda nambari saba.

Nyongeza. Barua hii nilimpa Areej aipige chapa kwenye simu yake akutumie, nikasahau kwamba mtu akipiga chapa husoma. Sikuwa nimemwambia kuwa nataka kukosa zamu. Alipofika kwenye lalamiko la sita aliiweka simu chini, akalia, kisha akanigombeza kwa maneno yasiyofaa barua rasmi, akavaa buibui akatoka. Mimi nikabaki na mama yake, ambaye sasa ameshaisoma.

Amerudi kabla ya Adhuhuri. Amekwenda kwa sheikh na amekwenda kwa kina Amin. Anasema yeye haolewi kwa nikahi itakayomwacha bila baba Jumapili. Sheikh naye amesema nikahi haina sharti la msikiti. Inataka walii, yaani mimi baba ninayeoza, bwana harusi, mashahidi wawili, mahari na kauli, na vyote hivyo vinaingia chumbani kwako. Kwa hivyo tafadhali ombi langu lifute lote. Jumamosi nitakuja saa saba kama kawaida yangu. Mashine ipewe mitungi yake sita, na ikitaka wa saba iongezwe, dunia itanisamehe siku hiyo.

Baada ya Alasiri watakuja wageni watano. Watavua viatu mlangoni, na dele la kahawa hawatalileta, Areej amewaapisha mmoja mmoja. Yeye na mama yake watakaa nyuma ya pazia lile la kitanda cha tisa, kama utaliruhusu. Fondo ameniandikia kwenye simu kuwa atavaa kanzu, sijui ya nani.

Limebaki jambo moja la kitabibu, nalo nakuomba umkumbushe Mercy. Nikahi husomwa walii na bwana harusi wameshikana mikono ya kulia. Mashine nitaipa wa kushoto.