Kisima cha Shangazi Eula na Pikapu ya Lonnie

Jumatatu, 6 Oktoba
Lonnie kanunua pikapu. Nyekundu. Kapita nayo mbele ya nyumba yangu, na nyumba yangu haiko njiani kwenda popote. Twila, mke wangu, akampungia mkono. Nimemnunia mpaka chakula cha jioni.

Niandike wazi, maana hasira hunisahaulisha. Shangazi Eula hakuzaa. Shamba aliliuza zamani kwa mfuga ng'ombe, lakini mafuta yaliyo chini hakuyauza, na hapa Oklahoma hayo ni mambo mawili. Alipofariki, mrabaha wa kisima cha mafuta, yaani fungu la mauzo analolipwa mwenye mafuta, ukawa wetu wawili: nusu binamu yangu Lonnie, nusu mimi. Lonnie analipwa tangu mwezi wa nne. Fungu langu kampuni inayochimba imelishikilia mpaka nilete mashahidi wawili waape kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake Eula kweli. Wawe walimjua marehemu, wasiwe ndugu, wasiwe wanafaidika na chochote.

Twila kauliza kwa nini nisiwaombe wale wazee wawili waliomwapia Lonnie. Nimemjibu kwamba utoto wangu wote nilivaa suruali zilizombana Lonnie. Mashahidi wa mtumba sitaki.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepiga simu kwenye kampuni. Nikajifanya wakili wa mjini, sauti nzito, maneno marefu. Dada wa pale kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama kikohozi cha Bwana Tackett, yaani changu mwenyewe, kimepungua. Nikasema afadhali kidogo. Nikakata simu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mji huu mtu asiye ndugu yangu, nimegombana naye. Mchungaji alihamia juzi tu, hakumjua Eula. Kabaki Bi Myrna, jirani, aliyekuwa akishona na shangazi kila Alhamisi. Shida ni kwamba mwaka jana nilimshtaki kwa halmashauri kwa ajili ya mabata bukini wake.

Nimempelekea pai ya tufaha. Kaoka Twila, nimesema nimeoka mimi. Bi Myrna kaipokea mlangoni. "Virgil," akasema, "mabata wanakusalimu." Kuhusu kuapa, atafikiria. Nilipoona anafikiria polepole, nikamwahidi sehemu moja ya kumi ya mrabaha, kila mwezi. Uso ukamkunjuka papo hapo. Kasema shahidi wa pili atamleta mwenyewe, mwenzake wa kwaya. Lonnie asingeweza kubuni jambo kama hili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Tumefika benki kwa yule mama mwenye muhuri wa viapo. Bi Myrna kainua mkono. Mama kauliza kama atapata faida yoyote. Bi Myrna anafundisha watoto wa kanisani, kusema uongo hawezi.

"Ndiyo, mama. Moja ya kumi. Kaniahidi mwenyewe kwenye mlango wangu."

Muhuri ukarudi kwenye droo. Foleni nzima imesikia, na kwenye foleni alikuwemo Lonnie, kaja kuweka hundi yake. Njiani nimemwambia Bi Myrna angeweza kukaa kimya. Kasema ameapa mbele za Mungu. Halafu kauliza kama ile moja ya kumi bado ipo.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada Lonnie kanishika bega. "Kaka, nimeongea na wazee wangu. Alhamisi asubuhi, benki. Wewe unakaa tu, wao wanaapa, kwisha maneno." Twila karibu alie kwa furaha. Mimi sikudanganyika. Mtu mwenye pikapu mpya anisaidie kwa nini? Anaficha kitu. Bila shaka anajua nilistahili zaidi ya nusu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimekwenda mahakamani peke yangu. Nimefungua pingamizi: kwamba Shangazi Eula, tukichambua maharage jikoni kwake, aliniambia ananipenda mimi zaidi, hivyo nusu hainitoshi. Karani kauliza nani mwingine alisikia. Nikasema marehemu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Wazee wamekuja wamevaa tai. Wameapa vizuri sana, mmoja hata kafuta machozi. Muhuri umegonga karatasi! Nimepiga simu kwenye kampuni papo hapo. Dada yuleyule. Kanipongeza, sasa urithi wangu umethibitika. Kisha kasema kuna mtu kapinga mgawo wa kisima kizima, kwa hiyo halipwi mtu yeyote mpaka jaji aamue. Huenda miaka miwili. Nikauliza kwa ukali ni mpumbavu gani huyo. Kanisomea jina langu, taratibu, kwa upole.

Twila alikuwa amesimama karibu. Kasema nikaifute kesho, ni sahihi moja tu, nami nitaanza kulipwa. Nikauliza, na Lonnie? Kasema Lonnie naye ataendelea kulipwa. Hapo ndipo penye shida.

Jumamosi, 18 Oktoba
Pikapu iko kwenye majani mbele ya kwa Lonnie, ina kibao cha kuuzwa. Nimelala usingizi mzuri ambao sijaupata tangu mwezi wa nne.

Mchana raha imekatika. Kina mama wa kanisani wamesikia kwamba hundi ya Lonnie imesimamishwa, basi wanampelekea chakula. Nimewaona kupitia pazia. Kuku na tambi. Viazi vya jibini. Bi Myrna kabeba pai. Twila mwenyewe katoka na nyama yetu ya Jumapili, ikiwa bado ya moto. Kisima ni kilekile, hundi zimezuiwa zote mbili, tena yangu ndiyo iliyozuiwa muda mrefu zaidi, na mimi hakuna aliyeniletea hata yai.

Twila kaniachia mezani karatasi ya kufuta pingamizi, na kalamu juu yake. Kalamu nimeitumia kuandikia haya. Jumatatu narudi mahakamani, nikaulize kama nusu ya zile sahani nayo inarithiwa.