Katibu wa Wenye Nyumba Asiye na Nyumba

Mimi tangu nizaliwe sijatapeliwa na mtu. Ukimtoa yule aliyeniuzia jogoo akisema ni tetea anayechelewa kutaga, na yule wa dawa ya kuotesha meno upya, na huyu Hatibu, niliyempa kuku mzima ili alisifu paa langu. Basi tuseme sijatapeliwa na mtu mjinga.

Hatibu alifika mtaani kwetu Mabawa miaka ile ya hamsini na kitu, wakati kila mtu wa Tanga alikuwa na chama chake. Kulikuwa na chama cha dansi, cha lelemama, cha kuzikana, na kile cha siasa ambacho wanaume walikizungumza wakiangalia nyuma. Alikuja na kanzu moja, tarbushi iliyochakaa na filimbi ya refa. Jina lilimkaa sawasawa. Ukimwuliza njia ya kwenda sokoni, alikueleza vizuri mpaka ukafika, na kikapu ukawa umemwachia yeye.

Siku ile ile ya kufika aliwakuta Bi Shamsiya na jirani yake Bwana Zubeiri wakizozana juu ya maji machafu yaliyotoka uani kwa mmoja yakaenda kulala mlangoni kwa mwingine. Mtu wa kawaida angesikia habari ya maji. Hatibu alisikia jambo moja tu, kwamba kila mmoja alikuwa akimtisha mwenzake kwa maneno yale yale: nitakutangaza, mtaa mzima wakujue. Akasimama pale, mikono nyuma, akisikiliza kama mtu anayesomewa mirathi yake.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali alasiri, tukamkuta njia panda juu ya sanduku la mafuta ya taa. Akapuliza filimbi. Akajitambulisha kuwa katibu wa Chama cha Wenye Nyumba wa Mabawa. Mwenyekiti, alisema, ni mtu mkubwa mwenye shughuli nyingi, ndiyo maana haonekani. Wanachama ni sisi wenyewe, tulikwisha ingia zamani ila hatukuarifiwa. Hapana aliyepinga. Nani anataka kuonekana yuko nje ya chama?

"Taarifa ya Chama," akasema. "Nyumba ya Bi Shamsiya: baraza limefagiwa, chokaa inang'aa, Mungu amzidishie. Nyumba ya Bwana Zubeiri: kuti moja la pembeni linaning'inia kama mtu aliyetaka kushuka akabadili nia. Chama kinamkumbusha."

Watu walicheka mpaka Bwana Zubeiri akakosa njia ya kupita. Jumatatu akampelekea katibu changu wa kukaanga, na Ijumaa iliyofuata kuti likiwa pale pale, tukaarifiwa kwamba nyumba ya Bwana Zubeiri ina kivuli cha wapita njia. Bi Shamsiya kusikia hivyo, akapika bokoboko. Bwana Zubeiri akajibu kwa mbuzi, paja zima. Hapo ndipo na mimi nilipomchinja kuku wangu, na sitaki kuulizwa.

Lazima tuseme ukweli, mitaro ilizibuliwa. Majani yalifyekwa, na mbu wakahamia mtaa wa Nguvumali. Hatibu akanenepa shingo, kanzu zikawa nne. Kitu kimoja tu kilimchoma: katibu wa wenye nyumba alikuwa analala kwenye kibaraza cha watu.

Nyumba moja haikumpa hata embe bichi. Ilikuwa ya mwisho kabla ya shamba la minazi, na aliyekaa humo ni Bi Mwamvua, mwanamke mkongwe, peke yake, mdomo mwekundu wa tambuu. Ukuta wa upande wa kusini ulikuwa umetoa tumbo, na paa lilionyesha nyota. Masika yalikuwa karibu. Ukuta ule ukilowa ungeanguka, na ukianguka, bibi yule hakuwa na mahali pengine pa kwenda wala mkono wa kumjengea. Hilo tulilijua wote, na wote tulikuwa na shughuli zetu.

Hatibu akamtangaza. Akamtangaza tena. Safari ya tatu Bi Mwamvua akasogea mpaka kwenye sanduku, akatema tambuu pembeni kwa adabu.

"Katibu, habari za ukuta mwambie mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, bibi?"

"Mtoto wa kaka yangu, marehemu Jumbe. Nyumba ni yake na minazi ya nyuma ni yake. Mama yake aliondoka naye kwenda Unguja angali ananyonya. Mimi mlinzi tu. Akija leo, funguo hizi hapa."

Tangazo lililobaki siku ile lilikuwa fupi. Jioni Hatibu akapita kwa Bi Shamsiya, akauliza kama Jumbe kweli aliacha mtoto. Bi Shamsiya akamwambia kweli, mmoja tu, na tangu hapo hapana aliyemtia machoni. Akauliza umri, akauliza kama mama yu hai, akaambiwa alikwisha fariki. Akauliza yote aliyoyaona ya maana.

Kisha akaaga kwamba Chama kinamtuma Unguja. Kumbe alikwenda Maramba kwa dada yake, akala mihogo, akarudi na uso wa msiba. Akaingia kwa Bi Mwamvua, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi wa nani?"

Akalia kwanza. Halafu akaeleza jinsi alivyopata habari zake huko Unguja kwa mzee mmoja aliyemjua marehemu mama yake, na jinsi damu ilivyokuwa ikimvuta kwenye ukuta ule kila Ijumaa asijue kwa nini. Bi Mwamvua akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua papai.

"Wewe ndiye mtoto wa Jumbe?"

"Ndimi, shangazi."

"Mbona unaitwa Hatibu?"

Akasema hilo alipewa na baba wa kambo, la kwanza lilimpotea utotoni.

"Maskini mwanangu," akasema Bi Mwamvua. "Basi siku ya kukupa funguo, mbele ya shekhe, nitakukumbusha na jina lako."

Habari ilienea kabla machozi hayajakauka. Wenye umri wetu, tuliomjua Jumbe, tuliangaliana, kisha kila mtu akapata kitu cha kutafuna. Ijumaa Hatibu alipofika njia panda akakuta sanduku lina mtu. Bwana Zubeiri alikuwa juu yake na kipenga cha kuazima.

"Taarifa ya Chama. Nyumba ya Bwana Hatibu bin Jumbe: ukuta una mimba, paa limetoboka, mtaro umeziba, na mwenyewe ni katibu. Chama kinamkumbusha, na Chama kinaona haya."

Angesema nini? Maneno yalikuwa yake. Akauza kanzu tatu akanunua makuti, boriti na chokaa. Pesa ya fundi haikubaki, kwa hiyo akaukanda udongo kwa miguu yake mwenyewe, akafunga fito, akakandika ukuta, akapanda juu kuezeka. Bi Mwamvua aliketi mkekani akimwelekeza. Mwanangu, pale umeruka. Mwanangu, choo nacho. Kila Hatibu alipoulizia funguo, aliambiwa nyumba haikabidhiwi ikiwa nusu, si heshima kwa marehemu. Naye alivumilia, kwa sababu alikwisha kubaliana na mwenye duka mmoja wa Nguvumali: akipata funguo asubuhi, nyumba inauzwa adhuhuri, na shangazi atajijua.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha na ukuta haukutoka hata jasho. Asubuhi tukaitwa. Shekhe Harub, aliyekwisha ozesha nusu ya Mabawa na kuzika nusu nyingine, alikaa katikati ya ukumbi. Mwenye duka alisimama mlangoni, akipima dari kwa macho. Hatibu alivaa kanzu iliyobaki, kucha bado zina udongo.

"Wewe ni mtoto wa marehemu Jumbe?" akauliza shekhe.

"Wallahi, shekhe. Wa pekee. Alilala mama yangu nyumba hii hii, nikazaliwa chumba kile."

Bi Mwamvua akatoa funguo kwenye pindo la kanga, akaziweka magotini. Hatibu akamkumbusha taratibu kwamba kulikuwa na jambo la jina.

"Kweli, mwanangu, nilikuahidi." Akajifuta midomo, akaita kwa sauti ya kuita mtu wake. "Mwanamkasi."

"Naam, shangazi," akaitika Hatibu, upesi, kabla jina lenyewe halijamfika masikioni.

"Abee, shangazi," ikaitika sauti kutoka uani.

Shekhe Harub akavua miwani, akamtazama Hatibu kuanzia tarbushi mpaka ndevu, akauliza imekuwaje mtu mwanamume akaitwa Mwanamkasi.

Hatibu akaiweka sawa tarbushi yake.

"Ndiyo sababu wakalibadilisha, shekhe."

Pazia la uani likafunuka. Akaingia mwanamke aliyeitwa kwa barua ya shangazi yake, akashuka melini juzi kutoka Unguja, pua ya marehemu Jumbe na kila kitu, amebeba sinia la vikombe vya chai. Akamtazama Hatibu kwa makini, bila ubaya, kisha akamgeukia Bi Mwamvua.

"Shangazi, huyu mimi nimtilie sukari?"