Jiwe la Kupimiwa la Mama Anesu

Jumatatu, 5 Agosti
Anesu amepiga simu. Jumamosi hii, kwa sikukuu ya Mashujaa, analeta mke wake, apike hapa kwetu Chitungwiza kwa mara ya kwanza. Jikoni mbao za makabati zimevimba kama mandazi. Huyo binti asipopapenda, mwanangu ataanza kula sikukuu zake kwa wakwe. Sijalala vizuri.
Lazima jiwe la granaiti juu ya makabati. Tete Sekesai, dada wa mume wangu, analo. La kupimiwa, lililokatwa kwa vipimo vya jikoni kwake! Nimekwenda kuuliza bei ya la kupimiwa. Nikakaa chini. La kukatwa tayari ni nusu yake, lakini Tete anasema hayo ni kama viatu vya mtumba, mguu ndio unatafuta kiatu.
Nimepata akili.

Jumanne, 6 Agosti
Nimemwita Bwana Marufu, fundi wa mawe ya kupimiwa. Kupima ni bure. Akalaza kadibodi juu ya makabati, akaikata sawasawa na jikoni kwangu, akachora shimo la sinki kushoto, penye bomba. Nikamwomba aiache, Baba Anesu aione.
Alipoondoka nikakwangua kwa kisu kila alichoandika, wauza mawe wasimjue: jina lake, simu yake, na neno JUU. Nikaipeleka wanakouza yaliyokatwa tayari. Watalipunguza jiwe lao na kulitoboa kwa kuifuata. Mpimaji wa bure, jiwe la bei nafuu. Darasa la tano nililoishia limenitosha.

Alhamisi, 8 Agosti
Bwana Marufu amerudi kuchukua kadibodi yake. Nimesema imeliwa na mbuzi. Akauliza mbuzi yuko wapi. Nimesema tumemla.

Ijumaa, 9 Agosti
Jiwe limefika. Jeusi, linang'aa, limebebwa na wanaume wanne. Shimo liko kulia.
Waliilaza kadibodi kifudifudi, maana neno JUU nilishalikwangua. Nimewaambia waligeuze jiwe. Wakasema shimo litakwenda mahali pake, ila uso unaong'aa utatazama chini. Baba Anesu akasema basi mkamwana atalala ndani ya kabati alitazame. Sikucheka.
Nimepanga hivi: jiko la gesi kushoto, ndoo chini ya bomba. Shimo nimelifunika kwa kitambaa cha maua, nikakivuta kikakaza, nikakibana kwa mawe.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamekuja. Vimbai, mke wa Anesu, ni mpole, amepiga magoti kunisalimu, akaniita Amai, yaani mama, moyo ukatulia. Tete naye akaja, hakualikwa. Akaligonga jiwe kwa pete. Akauliza ni la kukatwa tayari? Nikasema nimepimiwa.
Sadza, ugali wetu, ilipokaribia kuiva, Vimbai akaiepua sufuria kubwa ili aisonge kwa nguvu. Akaiweka juu ya kitambaa. Bomba lilikuwa limekauka, mimi nilikuwa nje kisimani nachota maji. Nikasikia kishindo.
Nimeingia nikiomba Mungu. Sufuria imezama hadi kwenye masikio, imekaa humo. Vimbai ameshika mwiko kwa mikono miwili, anasonga.
Akasema, "Amai, hili shimo mmelifikiria nyinyi? Kwetu lazima mtu akushikie sufuria."
Nikasema, "Nilipimisha hivyo, mwanangu. Kwa ajili yako."
Tete akavuta sahani. Alikula mara mbili. Anesu amesema Krismasi watakuja tena. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Jumapili, 11 Agosti
Tete amenivizia baada ya kanisa. Kwa sauti ya chini akasema jiwe lake ni zuri, lakini sufuria inateleza. Anataka litobolewe. Akauliza fundi wangu ni nani.
Nimemwambia fundi wangu hana nafasi, nitakuja mwenyewe. Baba Anesu kaniuliza nimeshawahi kutoboa jiwe. Wanaume hawana imani. Mashine nimeshaiazima kwa jirani.
Tete ameuliza shimo litakaa wapi. Nimemwambia asijali, popote panafaa.